Henia, wavu na roboti: mkono ni wa nani?

Mzee mmoja anayevuta mkokoteni katika soko la Kibuye, hapa Kisumu, alinisimamisha na swali ambalo nilizunguka nalo wiki nzima. Ana henia ya kinena kwa miaka kadhaa sasa. Huifunga kwa kitambaa kabla ya kuanza kazi, na alikuwa amesikia redioni kwamba kuna hospitali zinazotibu ugonjwa huo kwa roboti. Hakuuliza bei. Hakuuliza kama inauma. Aliuliza, "Mwanangu, hiyo mashine ikikata pasipofaa, nitamshika nani shati?"

Nilimwahidi jibu. Nilipoketi kulitafuta niligundua kwamba limefichwa nyuma ya mambo mengine mawili matatu, na la kwanza ni jina la ugonjwa wenyewe.

Kamusi inaiita ngiri, jina lilelile la yule nguruwe wa porini mwenye pembe za meno, kwa hiyo mtoto akicheka anaposikia babu ana ngiri asipigwe. Pwani na Tanzania utasikia mshipa. Wengine huichanganya na busha, ambalo ni maji yaliyojaa kwenye mfuko wa korodani na ni ugonjwa tofauti kabisa, ingawa chini ya suruali uvimbe wa namna zote mbili hufanana. Huku kwetu magharibi watu husema henia, na ndilo neno nitakalolitumia.

Fundi yeyote wa bodaboda anaijua henia bila kujua kwamba anaijua. Tairi ikipasuka ubavuni, tyubu huchomoza kwenye mpasuko kama puto dogo. Ukiisukuma kwa kidole inarudi, ukiongeza upepo inatoka tena. Tyubu haina kosa, kosa ni la tairi. Tumbo nalo ni hivyo: utumbo na mafuta yaliyo ndani ni tyubu, ukuta wa misuli na utando ulio mbele ni tairi. Pakitokea sehemu dhaifu, kilicho ndani kinajipenyeza nje na uvimbe unaonekana chini ya ngozi. Ukikohoa, ukijikamua chooni au ukiinua gunia, unakua. Ukilala chali, unapotea. Ndiyo maana hakuna mizizi wala tembe inayoponya henia. Dawa haizibi tundu.

Ya kinena ndiyo ya kawaida kuliko zote, na huwapata zaidi wanaume. Inakadiriwa kwamba kati ya wanaume 100, wapatao 27 wataipata wakati fulani maishani, na kwa wanawake ni 3 hivi. Sababu ni ya kimaumbile: kabla mtoto wa kiume hajazaliwa, korodani zake hushuka kutoka tumboni kupitia mfereji mdogo kwenye kinena, na njia hiyo hubaki kuwa mahali dhaifu. Iko ya kitovu, ambayo kwa watoto wachanga mara nyingi hujifunga yenyewe kabla ya miaka mitano, kwa hiyo ile sarafu inayofungwa kwenye kitovu cha mtoto haina kazi. Iko inayotokea kwenye kovu la upasuaji wa zamani, na akina mama waliopasuliwa tumbo wanaifahamu. Na iko ya juu ya paja, chini kidogo tu ya kinena, ambayo huwapata wanawake zaidi na ndiyo mjanja wa kundi: ndogo, haionekani sana, lakini hunasa utumbo upesi.

Kunasa ndiko kunakoua. Utumbo ukibanwa kwenye tundu na ukashindwa kurudi, damu haipiti, na katika saa chache sehemu hiyo huanza kufa. Uvimbe ulio mgumu, unaouma sana, usiorudi hata ukilala, pamoja na kutapika, ni safari ya hospitali usiku huohuo. Usisubiri asubuhi na usisubiri mtu apatikane wa kukuchangia nauli.

Hata hivyo tusitishane. Utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2006 uliwafuatilia wanaume wenye henia ya kinena isiyowasumbua sana, na wale waliopatwa na dharura ya kunasa walikuwa chini ya 2 katika kila 1,000 kwa mwaka. Kwa hiyo kungoja kwa uangalifu si ujinga. Lakini walipofuatiliwa kwa miaka kumi, takriban theluthi mbili ya waliochagua kungoja walikuwa wamekwenda kupasuliwa, wengi kwa sababu ya maumivu. Nami naongeza langu: takwimu hizo ni za watu ambao gari la wagonjwa huwafikia. Aliye kisiwani Mfangano akinaswa usiku ziwa likiwa limechafuka, hesabu yake si hiyo.

Sasa tundu linazibwaje? Kwa karne nyingi lilishinda kila mtu, hadi miaka ya 1880 daktari Mwitaliano aitwaye Edoardo Bassini, kule Padua, alipobuni njia ya kuushona upya ukuta wa kinena tabaka kwa tabaka. Ilikuwa hatua kubwa, ila ilikuwa na ubaya wake: ukivuta kingo mbili za misuli kwa nguvu ili zikutane, uzi hukaa umekazwa, na kilichokazwa siku moja hulegea. Henia nyingi zilirudi.

Fundi wa tairi angewaambia mapema. Yeye haushoni mpasuko. Hukata kipande cha tairi kuukuu na kukipachika kwa ndani, kati ya tyubu na tundu, na upepo wenyewe hukibana pale. Madaktari walifika hapo polepole. Mwaka 1958 Mmarekani Francis Usher aliandika kuhusu wavu wa plastiki uliofumwa, na miaka ya 1980 Irving Lichtenstein wa Los Angeles akaufanya kuwa njia ya kawaida: hukazi misuli, unatandika wavu juu ya sehemu dhaifu, unaushikiza, na mwili wenyewe unaota nyama kupitia matundu yake hadi wavu na mwili vinakuwa kitu kimoja. Kazi hiyo hufanyika kwa mkato mmoja wa sentimita chache kwenye kinena. Inaweza kufanywa kwa sindano ya ganzi tu, mgonjwa akiwa macho anapiga soga na nesi, na jioni anarudi nyumbani.

Hapa lazima nisimame kidogo, maana hadithi nzuri kuliko zote za henia ilitokea jirani, ng'ambo ya mpaka wa Busia. Wavu wa kiwandani ni ghali. Ule uliotumika katika utafiti ninaousimulia uligharimu dola 125 hivi. Watafiti wa Uganda na Uswidi wakajiuliza: je, kitambaa cha chandarua cha mbu? Si kile kilichotiwa dawa, wala si kile kinachoning'inia juu ya kitanda chako. Ni kitambaa safi cha aina hiyo, kikakatwa vipande, kikatakaswa kwa mvuke. Kila kipande kiligharimu takriban dola 1. Waliwapasua wanaume 302 mashariki mwa Uganda, nusu wakawekewa wavu wa kiwandani na nusu wa chandarua, bila wao kujua wamepata upi. Baada ya mwaka mmoja, henia ilikuwa imerudi kwa mtu mmoja tu wa kundi la chandarua, na hakuna hata mmoja kwa upande wa pili. Matokeo yalichapishwa Januari 2016 katika jarida kubwa la tiba la Marekani. Mtu akinielezea mashine ya mamilioni, mimi hukumbuka kwanza hicho kipande cha chandarua.

Baada ya wavu yalikuja matundu. Mapema miaka ya 1990 madaktari walianza kuirekebisha henia kwa laparoskopi: vitobo vitatu vidogo, tumbo linajazwa gesi ya kaboni dayoksaidi ili pawe na nafasi, kamera inaingizwa, na wavu unatandikwa kwa ndani, nyuma ya ukuta, mahali palepale ambapo fundi wa tairi angeuweka. Vidonda ni vidogo na mgonjwa hurejea kazini mapema zaidi. Shida ni vifaa. Ni fimbo ndefu zilizonyooka zinazopita kwenye kitobo kama kasia kwenye ukingo wa mtumbwi: mkono ukienda kulia, ncha inakwenda kushoto. Kushona nazo ni sawa na kula ugali kwa vijiti viwili virefu huku ukiangalia sahani kwenye televisheni. Inawezekana, na wako wanaoifanya kwa ustadi wa ajabu, lakini inachukua muda mrefu kuijua.

Roboti ilitengenezwa kutatua tatizo hilo la fimbo, si kumtoa daktari.

Inayojulikana zaidi ni da Vinci, ya kampuni ya Intuitive iliyoanzishwa mwaka 1995. Marekani iliiruhusu kwa upasuaji mwaka 2000. Siku hizi ina wapinzani, kama Versius ya Uingereza na SSI Mantra ya India. Ndani ya chumba cha upasuaji utaona vitu vitatu. Kando ya kitanda ipo mikono minne ya chuma, na kitu kinachoibeba kina magurudumu. Kwa Kiingereza wenyewe wanakiita mkokoteni, jambo lililomfurahisha sana rafiki yangu wa Kibuye. Kipo kinara chenye skrini na taa. Na mita chache kutoka kwa mgonjwa kipo kiti ambapo daktari anaketi, anaingiza uso kwenye kitazamio, vidole kwenye pete mbili na miguu kwenye pedali.

Anachokiona ni ndani ya tumbo kwa kina chake halisi, si picha bapa, na kimekuzwa hadi mara kumi. Anachokifanya kwa vidole, ncha za vifaa vya milimita 8 zinakifanya ndani. Ncha hizo zina kiwiko kidogo kinachojikunja kama kifundo cha mkono wa binadamu, tena zaidi. Mkono ukitetemeka, kompyuta inachuja mtetemo. Akisogeza mkono sentimita tatu, mashine yaweza kupangwa isogeze moja tu. Akiutoa uso kwenye kitazamio, vifaa vinaganda palepale. Haiamui wapi pa kukata. Haijui hata kama ni henia au kibofu. Ni kalamu ndefu ya bei mbaya, na mwandishi ameketi pembeni.

Mwaka 2001 umbali huo wa pembeni ulijaribiwa hadi mwisho. Daktari Jacques Marescaux, akiwa New York, alimtoa kifuko cha nyongo mwanamke aliyekuwa Strasbourg, Ufaransa, kwa roboti ya aina nyingine iitwayo ZEUS, amri zikivuka bahari ya Atlantiki kwa waya. Huenda hapo ndipo uvumi mwingi wa daktari asiyekuwepo ulipozaliwa. Katika upasuaji wa kila siku daktari yumo chumba hichohicho, na kando ya mgonjwa wamesimama msaidizi na manesi wanaobadilisha vifaa na walio tayari kuisogeza mikono ya chuma na kupasua kwa njia ya kawaida mambo yakiharibika.

Basi jibu la mzee ni hili: shati la kushika ni lilelile la zamani. Ni la daktari aliyeketi kwenye kiti na la hospitali iliyomruhusu kuketi. Mashine ikiwa mbovu, mtengenezaji naye ana shati. Lakini hakuna mlango wa "ni roboti iliyokosea" ambao daktari anaweza kuutokea.

Swali ambalo mzee hakuuliza, na ambalo mimi naliona zito zaidi, ni kama henia yake inaihitaji. Mwaka 2020 yalitoka majibu mawili kutoka Marekani. La kwanza liliwachukua wagonjwa 102 wenye henia ya kinena, wengine wakafanyiwa kwa laparoskopi na wengine kwa roboti. Laparoskopi ilichukua dakika 40 hivi, roboti 75. Maumivu na kupona kwa siku 30 za kwanza havikutofautiana, gharama ilikuwa kubwa zaidi kwa roboti, na madaktari wenyewe walikereka zaidi walipoitumia. La pili lilikuwa la wagonjwa 124 wenye henia za ukuta wa mbele wa tumbo: dakika 77 dhidi ya 141, siku za kulazwa zilezile, gharama juu tena. Kwa henia ya kinena ya kawaida, ya upande mmoja, ambayo haijawahi kupasuliwa, naiona roboti kama kukodi lori kubeba debe moja la omena kutoka Dunga. Omena itafika, bila shaka.

Lakini si haki kuishia hapo. Kuna henia ambazo si debe moja. Mwanamke aliyepasuliwa mara nne, ukuta wa tumbo umepwaya upana wa kiganja, anahitaji tabaka za misuli zitenganishwe na kushonwa upya kwenye dari ya tumbo, kazi ambayo fimbo zilizonyooka huichukia. Hapo kiwiko cha roboti kinamwezesha daktari kufanya kwa vitobo kile ambacho pengine kingehitaji mkato mrefu wenye hatari ya usaha. Na madaktari wanazeeka migongo. Kuketi badala ya kuinama saa tatu juu ya mgonjwa si anasa ukikumbuka jinsi walivyo wachache.

Hospitali ya Kisumu, Nakuru au Eldoret ikitangaza kwamba sasa inatibu henia kwa roboti, picha ya utepe ukikatwa itatuambia machache. Mashine yenyewe ya aina maarufu hugharimu zaidi ya dola milioni moja, yaani zaidi ya shilingi milioni mia moja, na matengenezo ni bili ya kila mwaka. Vifaa vya ncha navyo vina chipu inayohesabu: vingi vilitengenezwa kutumika mara 10, vya karibuni 12 hadi 18, na hesabu ikitimia mashine inavikataa hata kama bado ni vikali. Hiyo inamaanisha ghala lisilokauka, dola zisizokauka na meli zisizochelewa Mombasa. Inamaanisha stima. Tarehe 25 Agosti 2023 sehemu kubwa ya nchi ililala gizani. Roboti hizi huwa na betri ya kumwezesha daktari kusimama salama, lakini betri si jenereta, na jenereta bila dizeli ni pambo. Inamaanisha pia nusukaputi, kwa sababu kwa kawaida tumbo halijazwi gesi mgonjwa akiwa macho. Mzee mwenye kifua kibovu, ambaye angefanyiwa kwa ganzi kwa raha zake, anaingizwa kwenye hatari ambayo henia yake haikuidai.

Halafu kuna jambo ambalo halisemwi sana kwenye matangazo. Henia ya kinena ndiyo mara nyingi hutumika kama darasa la kwanza. Daktari anafanya mazoezi kwenye mashine ya kuigiza, kisha chini ya macho ya mwenzake aliyebobea, na kesi nyepesi huanza. Si dhambi, kila daktari alimpasua mtu wa kwanza siku moja. Lakini mgonjwa ana haki ya kujua yeye ni wa ngapi, ni nani atakuwa amesimama nyuma ya kiti, na kama daktari huyo anaweza kumaliza kwa mkono ikibidi. Muulize bila kuona haya. Aliyefanya kazi yake vizuri hatakasirika. Uliza pia, kwa maandishi, ni kiasi gani Mamlaka ya Afya ya Jamii, ile SHA iliyochukua nafasi ya bima ya zamani ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, italipia, na ni kiasi gani kitakachokufuata nyumbani. Anayekatwa asilimia 2.75 ya mshahara kila mwezi ana haki ya kupewa jibu lenye tarakimu.

Mwaka 2015 tume ya jarida la tiba la Lancet ilipendekeza kila watu 100,000 wawe na wataalamu wasiopungua 20 wa upasuaji, nusukaputi na uzazi. Tuko mbali na hapo. Wapo wanaoniambia kwamba daktari kijana akinyimwa vifaa vya kisasa atahamia ng'ambo, na hiyo ni kweli, nimewaona wakiondoka. Lakini nikipewa mimi kuchagua kati ya roboti moja mjini na madaktari wanaoweza kuweka wavu kwa ganzi Bondo, Webuye na Ndhiwa kila wiki, sitaomba muda wa kufikiri.

Jumapili, siku ambayo Kibuye hufurika, nilimrudia mzee na majibu yangu. Alisikiliza huku akikaza kamba ya mzigo. Lile la shati lilimridhisha. Nikamwambia kwamba kwa kuwa yake bado inarudi kwa kidole, aanzie kliniki ya upasuaji ya hospitali ya rufaa ya Jaramogi, ambayo yeye na wenzake bado wanaiita Russia tangu Wasovieti walipoijenga, aulize kuhusu ganzi na wavu.

"Nitapumzika siku ngapi?"

Nikamweleza kwamba mwongozo wa kimataifa wa 2018 unamruhusu mtu kurejea shughuli zake za kawaida mara tu anapojisikia, ila kwa mkokoteni wa viazi daktari huenda akamwambia wiki nne hadi sita.

Akautazama mkokoteni, akanitazama. "Hiyo roboti ulisema ina mikono mingapi?"

"Minne, mzee."

"Basi daktari ashike kisu mwenyewe. Hiyo ije hapa initafutie unga hizo wiki sita."